Sigara Ambazo Hakuziomba

Dada mtu alikuwa fundi cherehani, na mdogo wake fundi saa. Walifanya kazi chumba kimoja, dada mlangoni, mdogo wake dirishani penye mwanga, lenzi jichoni. Ugonjwa wa sklerosisi, ule unaokula utando wa neva, ulipomshika mdogo mtu, ganzi ilianzia vidoleni. Siku moja sigara ikamuunguza asihisi. Dada akampokonya kiberiti.

"Kuanzia leo nakuwashia mimi."

Akamwashia miaka miwili. Akimwona ameduwaa tu, alimtia sigara mdomoni kabla hajafumbua kinywa. Majirani wakamsifu kwa huruma.

Kliniki ilipoanzisha darasa la kuwasaidia wagonjwa hao kuacha sigara, muuguzi alitaka kila mmoja aje na anayemnunulia au kumwashia sigara. Dada alivaa gauni lake zuri, akidhani anakwenda kupongezwa.

"Kwa siku unavuta ngapi?" muuguzi akauliza.

"Kumi na mbili. Nilipokuwa najiwashia zilikuwa sita," mdogo mtu akajibu. "Dada yangu si bahili."

Watu wakacheka. Muuguzi akamgeukia dada taratibu. "Mama, ulijua kwamba moshi huuharakisha ugonjwa huu?"

"Nilijua unaharibu mapafu. Mapafu yake yalikuwa mazima. Mimi nilikuwa nalilia vidole."

"Vidole ndivyo ninavyovisema, mama."

Walipewa plasta za nikotini za kubandika begani na agizo moja: akiomba sigara, asubirishwe dakika kumi, kisha aulizwe kama bado anaitaka.

"Dada, saa yako inachelewa!" alilalamika siku ya kwanza, jasho likimtoka.

"Umeitengeneza mwenyewe. Jilaumu."

Mwezi wa nne hakuomba tena. Lakini saa za mkononi zilikuwa zimekwisha kumshinda. Skrubu zake zilimponyoka kama punje za mchanga. Akabaki na saa za ukutani, zenye skrubu za kushikika. Dada alimuuliza muuguzi kama zile sigara ndizo zilizomponza. Muuguzi akasema hakuna awezaye kujua.

Asubuhi moja skrubu ndogo ilianguka, dada akapiga magoti kuitafuta. Hakuinuka upesi.

"Usijitese, dada," mdogo wake akasema. "Sigara niliziomba mwenyewe."

"Uliomba sita," dada akajibu kutoka chini ya meza.