Kabichi za Kosmas na Shingo ya Mtambo

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai. Kilikuwa kiwanda cha umma cha pombe kali, Dar es Salaam, na tai yenyewe niliinunua kwa ajili ya mahafali ya chuo kikuu. Sikuona sababu ya kuiacha nyumbani wakati shahada nimekuja nayo. Meneja wa Mitambo, mtu mfupi mwenye sauti ya kuhutubia uwanja mzima, alinitazama akasema, "Mhandisi, hiyo ivue kabla mkanda wa pampu haujakunyonga. Halafu njoo unuse."

Kunusa ndiko kulikuwa mafunzo yangu ya mwanzo. Vijana wa leo wana vipimo vya kila aina, kwa hiyo nieleze. Kukeneka pombe ni kuichemsha ndani ya chungu kikubwa kilichofungwa. Kilevi hugeuka mvuke kabla ya maji, hupanda shingoni mwa mtambo, kisha huteremka kwenye koili iliyozamishwa katika maji baridi na kutoka upande wa pili kikiwa kimiminika. Kinachotangulia tulikiita kichwa. Kinachoma pua na hakifai kunywa. Cha katikati ni moyo, ndicho kinachouzwa. Cha mwisho ni mkia, na harufu yake ni ya mbwa aliyenyeshewa. Meneja alinipangia glasi mezani akaniambia nitaje kipi ni kipi. Nilitaja kwa kujiamini sana, na mkia nikauita moyo.

"Wakati unasoma chuoni," aliuliza, "pua yako ulimwachia nani?"

Mitambo yetu ilikuwa ya shaba, myekundu, imejaa viraka. Nilimuuliza kwa nini wasinunue ya stenlesi inayong'aa, kama ile niliyoiona kwenye picha. "Shaba inakula uvundo," alijibu, akaondoka. Niliweka jibu hilo pamoja na imani nyingine za kiwandani, kama ile ya kutopiga mluzi karibu na boila. Baadaye nilikuja kusoma kwamba ni kemia tupu. Hamira inapochachusha hutoa harufu za salfa, na mvuke unapopita kwenye shaba harufu hizo hunaswa humo. Meneja aliijua kemia hiyo vizuri kuliko mimi, ila alikuwa mvivu wa kueleza.

Kutoka Dar nilihamishiwa mkoa wa Morogoro, kwenye mtambo uliotumia molasi, yaani ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa. Huko Mhandisi Mkuu aliamini hakuna hitilafu inayoshinda nyundo, na kwa kweli nyingi zilinyamaza akiikaribia tu. Nilikaa naye mpaka soko huria lilipotufikia. Viwanda vya umma vikaanza kuuzwa, vingine vizima, vingine vipande vipande, nasi tukapunguzwa kazi kwa barua za heshima kubwa. Tulipelekwa Mzumbe kwenye mafunzo mafupi, tukaelezwa kwamba hatukuwa watu wasio na kazi bali wajasiriamali. Nilifurahi kusikia hivyo. Nilirudi mjini Morogoro, nikachapisha kadi zilizosema "Mshauri wa Mitambo", nikakaa nyumbani kumsubiri mtu wa kumshauri.

Aliyekuja ni Mama Klementina. Alikuwa Mluguru wa Mgeta, karani wa zamani wa kiwanda kilichofungwa mjini, mwanamke wa maneno machache na shali zito. Kiinua mgongo chake alikitia chote kwenye mtambo mdogo wa kukeneka pombe ya plamsi, yale matunda mekundu ambayo huko kwao huiva yote kwa pamoja na mengi huozea njiani kabla ya kuliona soko la Dar. Wazo lilikuwa zuri. Chungu alikipata kwenye mauzo ya kiwanda cha umma, na banda alipewa na mjomba wake, maana kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na mjomba ndiye msemaji wake.

"Tatizo ni nini?" nilimuuliza.

"Tatizo ni kaka yangu," akasema.

Tulipanda Mgeta kwa lori. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya matuta ya mboga, na nilipofika kwenye banda nilielewa alichomaanisha. Ukuta mmoja wa banda ulipakana na barabara, na hapo ndipo Kosmas, mdogo wake wa tumbo moja, alipakia kabichi zake za Dar. Majani ya nje yalibanduliwa na kutupwa hapohapo, yakaoza kwa amani. Ndani, Mama Klementina alinimiminia glasi ya moyo wa plamsi. Nikanusa. Ilikuwa kabichi. Haikuwa na dalili ya plamsi, ni kabichi iliyochemshwa ikasahauliwa jikoni, na nyuma yake yai viza kwa mbali.

Afisa wa leseni alikwisha kuja akanusa, akasema warekebishe kwanza ndipo arudi. Kosmas naye alikwisha kumwomba mjomba banda lile liwe ghala lake, kama shughuli ya dada ikishindikana. Mama Klementina alijumlisha hayo mawili akapata jibu: kaka yake anamharibia kwa makusudi. Jumapili baada ya misa kulikuwa na kikao cha ukoo, na alikusudia kusimama na kulisema mbele ya wote.

"Ukishalisema, mtaishije?" nilimuuliza.

"Hatutaishi," akajibu. "Kila mtu na njia yake."

Nikiri kwamba hata pua yangu ilipiga kura upande wake. Lakini nilifanya kazi miaka mingi na mitambo, na mtambo una tabia ya kukuacha umtuhumu jirani. Nikamwendea Kosmas nikamwomba ahamishe upakiaji kwa muda, aupeleke ng'ambo ya daraja, ili tukeneke bila kabichi karibu.

Alikuwa juu ya lori, amevaa koti la mvua. "Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi."

"Ahaa! Mtani!" Alishuka kabisa. "Babu zako walipita bondeni kule na mizigo ya watu kichwani, wakatuibia ndizi. Leo mjukuu amesoma, badala ya kuja kulipa ndizi anakuja kunihamishia mzigo."

"Ndizi zenyewe zilikuwa mbichi. Babu aliumwa tumbo mpaka Tabora."

Alicheka, kisha akatazama banda na kicheko kikamwisha. "Dada amekuambia namharibia?"

Nilianza kukagua tairi za lori lake. Kwa mshauri, kukagua tairi ni sehemu ya huduma.

"Nahamisha," alisema. "Si kwa ajili yako, mtani. Nataka aone mwenyewe."

Akina mama waliobeba kabichi kutoka mashambani sasa walilazimika kuziteremsha kwa kijia chenye utelezi mpaka darajani, na kila aliyenipita alinitakia jambo ambalo sitaliandika. Tulifagia majani yote, tukaosha ukuta, tukafungua madirisha kuukaribisha upepo wa mlimani. Tukakeneka. Tone la kwanza la moyo lilipotoka, Mama Klementina alinusa, akanikabidhi glasi. Kabichi ilikuwa palepale, na safari hii hapakuwa na jirani wa kusingiziwa.

"Ukuta umeshanyonya," alisema.

"Mama, ukuta haukenekwi."

Nikarudi kwenye mtambo kama nilivyotakiwa kufanya tangu mwanzo. Chungu kilikuwa cha shaba kweli, lakini shingo ilikuwa imefungwa gunia na kupigwa bati juu ili isipoteze joto, na sikuwa nimeiona ngozi yake. Tulipobandua bati, shingo ilituangalia ikiwa nyeupe na kung'aa. Stenlesi! Na koili iliyofuata ilikuwa stenlesi vilevile. Mama Klementina akaeleza kwamba kwenye mauzo alikuta shingo na koili havipo, vimetangulia kwa wauza vyuma chakavu, akamwagiza fundi wa mjini amtengenezee vipya vya kisasa. Fundi alitengeneza vizuri mno. Chungu kilikuwa cha shaba, ila tope la plamsi lilikuwa limekipaka ndani ukoko mweusi, na mvuke ulipanda mpaka chupani bila kugusa shaba hata mahali pamoja. Harufu ya salfa ya hamira ilisafiri bure bila kukaguliwa.

Nilimweleza. Alisikiliza, mikono ndani ya shali. "Hayo ni maneno ya kitabuni, Mhandisi. Kabichi naiona kwa macho."

Nikataka kipande cha shaba, nami sikuwa nacho. Nikatoka nje, na hapo macho yakaangukia lori la Kosmas, lililokuwa limerudi kuchukua turubai. Mbao za bodi yake zilikazwa kwa boliti, na chini ya kila boliti, badala ya washa, aliweka sarafu aliyoitoboa. Siku hizo washa ya dukani ilikuwa ghali kuliko sarafu iliyokwisha thamani. Nyingi zilikuwa senti tano za zamani, zile zenye picha ya samaki, ambazo kwa sehemu kubwa ni shaba.

"Mtani, nipe washa moja."

"Lori likimwaga kabichi barabarani utakuja kuziokota wewe," alisema, lakini alileta spana.

Nilimwita Mama Klementina na, kwa kuwa alikuwa amefika kuona kelele ni za nini, mjomba wao pia. Alikuwa mzee mrefu mwenye bakora, ambaye nilimwamkia shikamoo na akaniitikia kwa kunikagua viatu. Niliisugua senti tano kwa jivu na limau mpaka ikawa nyekundu. Nikamimina pombe ileile kwenye glasi mbili, moja nikaitia sarafu, nikaikoroga. Nikaeleza kwamba hii ni ya kunusa tu, si ya kunywa. Tukasubiri. Kisha nikampa Mama Klementina glasi zote mbili.

Alinusa ya kwanza, akakunja uso. Alinusa yenye sarafu. Akarudia. Aliichukua ile ya kwanza tena, kama mtu anayehakikisha mlango ameufunga, halafu akampa mjomba bila kumtazama kaka yake.

Mjomba alinusa kwa kirefu. "Hii ni plamsi," akasema. "Kabichi imekwenda wapi?"

"Imeliwa na senti tano, mjomba," nilijibu.

"Angalau imenunua kitu," alisema mzee.

Kosmas alikuwa wa kwanza kucheka. Dada yake alichelewa kidogo, kisha akaketi kwenye ngazi ya banda, akajifunika uso kwa ncha ya shali. Nilidhani analia, na huenda alilia kidogo, lakini alipojifunua alisema, "Kosmas, majani yako bado yanaoza ukutani kwangu."

"Yataondoka, dada."

"Na umemwomba mjomba banda langu."

"Niliomba ukishindwa. Si umeshindwa kushindwa?"

Kilichobaki kilikuwa kazi, na kazi ni rahisi. Kosmas, kwa furaha ya mtu aliyefutiwa kesi, alileta rejeta ya lori chakavu akidai ina shaba tele. Nilimwambia ukweli, nami naurudia kwa kila atakayesoma hapa: rejeta imeunganishwa kwa risasi, ile metali ya kulehemu, na risasi ikiingia kwenye kinywaji humuua mtu polepole. Aliirudisha alikoitoa. Badala yake lori lake lilipotoka Dar lilipitia mjini kwa mafundi wa friji, likaleta mrija mpya wa shaba. Niliukata vipande vifupi, nikachora shingo mpya yenye tumbo pana la kuvihifadhi, kiasi kwamba mvuke usingepita bila kupenya katikati ya vipande hivyo, na mfuniko wa kufungulia ili vitolewe na kuoshwa. Haukuwa mchoro wa kushinda tuzo. Ulifanana na mbuyu uliokatwa kichwa. Lakini chupa ya kwanza iliyotoka humo ilinuka plamsi zilizoiva, na afisa wa leseni aliporudi alinusa, akaomba kunusa tena kwa ajili ya uhakika.

Jumapili ile, kabla hata shingo mpya haijakamilika, kikao cha ukoo kilifanyika kama kilivyopangwa. Ajenda ya Mama Klementina ilipofika, alisimama akasema ana jambo moja: anaomba kaka yake apewe kipande cha uwanja ng'ambo ya barabara ajenge ghala lake. Mjomba akauliza nani anapinga. Mimi, niliyekuwa nimeketi nyuma kama mgeni, sikuona mkono hata mmoja ukiinuka.

Baada ya hapo nilishauri viwanda vidogo vingine, vingine vikafa, vingine vipo. Sasa nimestaafu, kama inawezekana kustaafu kadi ya jina. Ukutani nina vyeti vya mashirika ambayo hayapo tena. Ile senti tano nilitaka kuiweka kwenye fremu kati yao, lakini Kosmas aliidai siku ileile. Alisema bodi ilikuwa inacheza. Aliirudisha chini ya boliti, akakaza, akaondoka na mzigo.

Huwa nasema mara nyingi kwamba kazi yangu ilikuwa mitambo. Nadhani zaidi ilikuwa kuchelewesha watu kidogo kabla hawajasema jambo lisilorudi. Nikipanda Mgeta siku hizi, lori la mboga likinipita kwenye kona, nafungua dirisha na kuvuta hewa kwa nguvu. Inanuka kabichi, na ni kabichi kweli.