Tulipowafuatilia Fisi Maji wa Nzoia

Enzi zetu, Jumamosi haikuwa siku ya kulala. Mliosoma karibu na Mto Nzoia mtanielewa: kiazi kitamu mfukoni, miguu mitupu kwenye tope baridi, pua ikitafuta harufu ya samaki. Mwalimu Nekesa alitufundisha kuwafuatilia fisi maji. Tukiona nyayo, au kinyesi chenye vipande vya magamba ya kaa, tuliripoti Jumatatu, naye akatia alama kwenye ramani aliyoichora ukutani. Alituambia watafiti wa mjini wanategemea macho yetu. Tulitembea vifua mbele! Vijana wa leo wakimwona mnyama hujipiga picha wao kwanza. Mnyama utamwona kule nyuma akitoroka.

Basi mwaka mmoja fisi maji wakaingia kwenye bwawa la samaki la baba. Asubuhi tulikuta vichwa vya ngege vimetapakaa ukingoni. Baba akatega mtego wa waya.

"Hawa wageni wa mwalimu wenu wanakula karo yenu," alisema.

Nilikosa raha. Nikamshika mkono mdogo wangu Wafula, tukakimbia hadi kwa mwalimu.

Alikuja jioni hiyo hiyo, akanywa chai bila haraka.

"Mzee, sikuombi uwalishe. Naomba tu tuzungushe ua wa miiba. Wanafunzi nitawaleta mimi."

Baba akaenda kuutegua mtego. "Wakila hata mmoja tena, mtego unarudi."

Tulikata miiba mpaka viganja vikavimba. Kisha alfajiri moja, fisi maji jike akapita na watoto wake, akaunusa ua, akageuka kuelekea mtoni. Baba alikuwa amesimama nyuma yetu na panga.

"Waacheni wapite," alinong'ona, utadhani sisi ndio tulioshika panga.

Sasa mimi ni yaya hapa Al-Suwaidi, Riyadh, na Wafula yuko bandarini Jeddah. Tulikuja na lile wimbi la kutafuta kazi Uarabuni la miaka ya elfu mbili na kumi, kila kijiji kikiwa na wakala wake wa ajira. Ijumaa tukipigiana simu siwezi kuketi. Nazunguka jikoni kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Dada, siku hizi nani anaangalia mto?" aliniuliza juzi.

Nikaanza kuwataja wenzetu. Huyu anafagia maofisi ya Olaya hapa Riyadh, yule ni dereva Dammam, mwingine Doha.

"Halas, inatosha," akanikatiza. "Kumbe tumeondoka wote."

Watoto wa madam wanajua wanyama wa dunia nzima kwa kugusa kioo. Sisi tulimjua mmoja tu, na kwa ajili yake tuliamka kabla ya jogoo.

Nikampigia mama, nikamsihi ashuke mtoni anitazamie fisi maji. Akacheka sana.

"Na magoti haya, mwanangu? Njoo utazame mwenyewe."

Nilitaka kumjibu, lakini madam alikuwa ameshaniita kazini: "Yalla!"