Mzee Theodory Aenda Kuliposa Gari la Milango Miwili

Mzee Theodory amesimamia posa thelathini na moja kati ya Kilosa na Mikumi, na katika zote hizo neno "tunataka" halijamtoka mdomoni. Wazee wengine wa umri wake hujivunia watoto, au nyumba ya bati, au kupona. Yeye hujivunia neno ambalo hajalisema.

Ujuzi wake hauna siri, maana ameshamweleza kila mtu aliyekubali kukaa. Mshenga akifika ukweni hupewa orodha: mkaja wa mama, kilemba cha mjomba, blanketi la bibi, na siku hizi hata simu ya kaka mkubwa. Mshenga mchanga huanza kupunguza bei. Theodory hupunguza vitu vyenyewe. Anachokitaka kidogo anakisema vibaya kidogo. Anachokitaka sana anakisema vibaya mpaka wenye nacho wanaona haya kukitaja. Jua likipinda, orodha imebaki mistari miwili, na bibi harusi anakuja mzima, hajapungua hata ukucha. Naomba hilo la mwisho likumbukwe.

Njia hii imemwangusha mara moja tu. Miaka kumi na tisa iliyopita, safari hiyo akiwa upande wa kupokea, walikuja watu wa Morogoro kumposa mpwa wake, Costancia. Theodory hakuonyesha kwamba familia inawataka. Hakuonyesha kwa siku tatu mfululizo. Wageni wakaomba kutoka nje kidogo wakashauriane, na mpaka leo bado wanashauriana.

Costancia hakumlaumu mtu. Aliingia kwenye mpunga. Alianza kwa kukaa juu ya magunia kwenye malori ya Tindiga, akaja kununua pikapu yake mwenyewe, na hapo ndipo matatizo yake yalipoanza. Mtu mwenye pikapu Kilosa si mwenye pikapu. Ni mtunzaji wake tu. Pikapu hiyo imebeba magunia ya watu, wagonjwa wa watu, majeneza matatu, na kwaya nzima iliyokwenda Ulaya, kata ile yetu yenye baiskeli nyingi, na kurudi ikiwa bado inaimba.

Kwa hiyo alipotimiza miaka arobaini na tatu alitangaza, sebuleni, mbele ya ukoo, kwamba anataka gari la spoti.

"La nini?" aliuliza Theodory.

"La kutobeba, mjomba. Nataka gari ambalo ukilipakia gunia linakataa. Gari ambalo mgonjwa mwenyewe akiliona anasema nitatembea."

Mtu mmoja alipendekeza Noah. Costancia alimtazama mpaka akalinywea pendekezo lake pamoja na chai.

Gari lenyewe alikuwa ameshaliona, nje kidogo ya mji wa Mikumi, nyumbani kwa Saibulu, mfanyabiashara wa ng'ombe. Saibulu alilipata kwa kijana mmoja wa Dar aliyechukua madume tisa na kuishiwa fedha njiani. Lilikuwa jekundu, la Kijapani, milango miwili, gia za mkono, namba D. Nyuma lilikuwa na bawa la kutosha kuanikia nguo. Chini lilikuwa na rimu pana zinazong'aa, ndani spika sita, na juu paa la kufunguka.

Hilo paa ndilo lililokuwa jambo. Costancia ni mrefu; urefu wake kamili haujulikani, kwa sababu vipimo vya zahanati viliishia chini yake. Alipojaribu kukaa ndani ya gari lile, shingo ililala begani kama ya mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani ukutani. Akabonyeza kitufe, paa likarudi nyuma, kichwa kikanyooka, kilemba kikatokeza juu kwenye hewa safi. Bila paa lile asingeweza kuendesha hata kufika getini. Tena magari ya aina hiyo yenye paa la hivyo hayaotwi Mikumi. Hili lilikuwa moja, na Jumamosi kulikuwa na mteja anakuja kutoka Iringa.

Angeweza kwenda kulinunua mwenyewe, ana hela yake na akili yake. Lakini kwao mjomba ndiye mwenye neno, na kitu kikubwa hakiingii kwenye ukoo bila yeye kwenda kukiona. Akampa Theodory milioni kumi na nne taslimu na sharti moja.

"Mengine yote fanya unavyojua, mjomba. Lakini paa, tafadhali. Bila paa hilo si gari langu, ni kabati."

"Mama, mimi nimeanza leo?"

"Ndiyo maana nakwambia."

Ijumaa asubuhi walipanda basi kwenda Mikumi: Theodory na mwavuli wake mweusi wa posa, Costancia, na Emanueli, fundi magari wa Kilosa, ambaye ndiye aliyetusimulia ya kwa Saibulu, mara nyingi. Kwa kuwa anayeoa hakai kwenye mazungumzo, Costancia aliachwa kwenye mgahawa mmoja barabarani na soda mbili.

Saibulu aliwapokea vizuri. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Habari za hapa? Ng'ombe hawajambo?"

Wakazungumza ng'ombe. Wakazungumza mvua, wakazungumza nyasi. Namelok, mke wa Saibulu, alileta chai ya maziwa. Gari lilikuwa mita nne kutoka magotini pao, jekundu kama kidonda, na kwa muda wa saa nzima hakuna aliyeliona. Emanueli, ambaye ni mtu wa spana, alianza kuumwa kichwa.

Hatimaye Theodory aligeuka kidogo. "Na hiki ni nini?"

"Ah, hiki?" alisema Saibulu. "Kipo tu. Milioni kumi na tano."

Emanueli akaachiliwa. Aligonga bodi kwa kifundo cha kidole, mlango hadi mlango, kusikia palipojazwa puti. Alichomoa kijiti cha oili, akanusa, akakirudisha. Alilala chini akapima kwa shubiri nafasi iliyopo kati ya tumbo la gari na ardhi, akapata shubiri isiyotimia. Mita ilisema kilomita elfu tisini. Pedali ya klachi, iliyolika upande mmoja kama sabuni ya hosteli, ilisema laki mbili. Halafu akawasha injini na kuisikiliza akiwa amefumba macho.

"Mashine nzima," alimnong'oneza Theodory. "Injini, gia, usukani, hapo ndipo hela ilipo. Mengine ni mapambo. Kitu pekee ambacho ningeongeza mimi ni springi ndefu, vinginevyo barabara ya Kilosa italilamba tumbo."

Hiyo ndiyo hali ya gari la spoti kwetu: wenzetu wanalipa kulishusha, sisi tunalipa kulinyanyua.

Theodory alikohoa, akaingia kazini. "Bawa hili, mwanangu, la nini? Linaruka?"

"Ni urembo, mzee."

"Wazuri kweli hawahitaji urembo. Litoe kwenye hesabu."

"Sawa. Laki tano."

"Na hizi rimu. Zinang'aa mpaka macho yanauma. Sisi ni watu wa vumbi. Zitoe."

"Laki nane."

"Muziki wa spika sita kwa watu wawili? Kila mmoja ana masikio mangapi?"

"Laki saba," alisema Saibulu bila ubishi wowote, na hapo Emanueli anasema alianza kuhisi kitu, ila hakukijua jina. Wakwe huwa wanabishana.

Ikabaki milioni kumi na tatu. Theodory alikuwa ameshashinda, milioni nzima ya mpwa wake ikiwa salama mfukoni. Angeweza kunyamaza. Lakini mtu aliyefanya jambo moja mara thelathini na moja analifanya tena hata likiwa limekwisha. Kitu kinachotakiwa kuliko vyote kilikuwa bado hakijatukanwa.

"Tatizo," alisema, akitikisa kichwa kama daktari, "ni hilo tundu la juu. Gari limetoboka. Masika ikija si tutavua kambale humo ndani?"

Saibulu aliinuka, akamwita mtu kwa Kimaasai. Akaja kijana na boksi la spana, akaanza kufungua bawa. Mwingine akapiga jeki gurudumu la mbele.

"Anafanya nini huyu?" aliuliza Theodory.

"Anatoa vitu vyenu mlivyokataa."

"Anavitoa... kwenye gari?"

"Vilikuwa wapi kwingine, mzee?" Saibulu alishangaa kwa dhati. "Mimi nikiuza dume, kengele haiendi nalo mpaka ilipiwe. Hukulipia kengele, nabaki na kengele. Magurudumu ya zamani yako nyuma ya banda, moja kuku wanalalia, tutawahamisha."

Katika posa thelathini na moja, hakuna mkwe aliyewahi kumtoa bibi harusi kidole kwa sababu blanketi la bibi lilikataliwa. Theodory alitazama bawa likienda zake mikononi mwa kijana. Alitazama redio ikitoka na nyaya zake kama samaki na matumbo yake. Uso wake, anasema Emanueli, ulikuwa uleule wa siku zote, ila mwavuli alikuwa ameushika kichwa chini miguu juu.

"Na paa usiwe na wasiwasi," aliendelea Saibulu kwa upole. "Tundu hilo nalijua, hata mimi linaniudhi. Jirani hapa anachomelea mageti. Tutakata bati, anaziba, anapiga rangi, dakika arobaini tu. Kwa usumbufu nakupunguzia laki sita." Akaita tena. Mtu mwenye miwani myeusi akaja na kipande cha bati, akakipandisha juu ya paa kukipimia, na kuchora mstari kwa chaki.

Emanueli anasema wakati huo alimtazama mzee. Mzee alikuwa anatazama barabarani, kule kwenye mgahawa, ambako juu ya ukuta wa matofali kilionekana kilemba cha Costancia, kikiwa kimegeukia upande wao. Kilemba hakikusogea. Mtu wa miwani akawasha mashine yake, cheche mbili tatu zikaruka za kujaribia.

"Acha," alisema Theodory.

"Naam?"

"Mwambie azime. Hilo paa..." Alitazama chini, akatazama mwavuli, akaonekana kama mtu anayetafuta choo kwenye nyumba ya wageni. "Tunalitaka."

"Sikusikia vizuri, mzee. Hii mashine."

"Tunalitaka! Tunalitaka hilo paa, na gari tunalitaka, tumelitaka tangu tulipopanda basi!"

Saibulu alikaa chini, akapiga funda la chai.

"Basi," alisema. "Mtu akisema anataka, tunazungumza. Paa ni milioni moja."

Ikawa kumi na nne. Theodory alihesabu, akatoa yote, na wakashikana mikono. Wakati wanasubiri magurudumu ya chuma kufungwa, Namelok alikuja kuchukua vikombe.

"Yule dada mrefu hamkuja naye?" aliuliza. "Aliyekuja wiki iliyopita akakaa humo ndani, kichwa juu, anacheka peke yake kama mtoto? Nilimwambia baba watoto, huyu akikosa hilo tundu ataumwa."

Theodory alimgeukia Saibulu taratibu. Saibulu alikuwa ameona kitu cha maana sana kwenye kwato za ng'ombe mmoja upande wa pili wa boma.

Costancia alilikuta gari lake halina bawa, halina muziki, limevaa magurudumu meusi yenye manyoya mawili ya kuku. Alilizunguka mara moja. Aliingia, akabonyeza, paa likafunguka, kichwa kikanyooka.

"Panda, mjomba. Emanueli, kuna basi la saa tisa."

Kabla ya kurudi Kilosa alitaka kulijaribu kwenye lami, na lami nzuri ya Mikumi inapita ndani ya hifadhi, ambako sheria ni hamsini kwa saa kwa ajili ya wanyama, na matuta kwa ajili ya wasioamini sheria. Wakaenda hamsini. Malori yakawa mbele yao na malori yakawa nyuma yao. Twiga mmoja kando ya barabara aliangalia kile kilemba, akatambua jambo.

"Mjomba," alisema Costancia, "paa langu ulilitukana sana?"

"Kidogo."

"Sasa limepona vipi?"

Theodory alishughulika na mkanda wa kiti kwa muda. "Nimewaambia tunalitaka."

Costancia alipunguza mwendo mpaka lori la nyuma likapiga honi. "Ulisema hivyo? Kwa mdomo?"

"Mara nne. Ya kwanza hakusikia." Alitazama nje, kwenye nyasi. "Si neno gumu kiasi hicho, mama. Ningejua, ningelisema siku ile ya wale wa Morogoro."

"Wale?" Costancia aliingiza gia ya tatu. "Yule bwana, mjomba, alikuwa mfupi mpaka nilikuwa naongea na upara wake. Bora ulinyamaza."

Theodory alicheka, kwanza kidogo, halafu mpaka akashika dashibodi. Manyunyu yakaanza. Kufunga paa hakukuwezekana, kila mtu ndani ya gari alijua kwa nini. Akaufungua mwavuli wa posa, akaupitisha juu kwenye tundu, akaushika kwa mikono miwili juu ya kilemba cha mpwa wake, na kwa hamsini kwa saa ulistahimili.

Trafiki aliyesimama upande wa pili wa hifadhi aliwasimamisha. Alilizunguka gari, akaangalia bima, matairi, mkanda. Alirudi akautazama mwavuli kwa muda mrefu, akiwa dhahiri anapekua sheria yote kichwani.

"Hili gari la spoti," alisema mwishowe, "mmelinunua na huo mwavuli?"

"Hapana, afande," alisema Theodory. "Huo nimeuongeza mimi."