Kisu cha Mtu Asiye na Kidole Gumba

Orval Teeter alipoteza kidole gumba cha mkono wa kulia tarehe kumi na tisa Februari, muda mfupi kabla ya chakula cha mchana, na mbwa wa ranchi akakila. Hiyo habari ya mbwa ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Kufika jioni bonde zima lilikuwa nayo, na waliokwenda kumjulia hali hospitalini walicheka kabisa garini ili wasije wakacheka mbele ya kitanda. Burl Hatch, aliyekuwa amechunga ng'ombe pamoja naye miaka kumi na mmoja, hakujisumbua kucheka garini.

"Daktari anasema hakiungiki," Burl alimwambia. "Labda wakushone mbwa mwenyewe hapo mkononi."

Orval akacheka na yeye. Angefanya nini? Kule kaskazini mwa Nevada mtoto hujifunza kucheka maumivu yake kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na Orval alikuwa na miaka hamsini na tisa. Isitoshe, ajali yenyewe haikuwa ngeni. Ukishamnasa ndama kwa kamba, unaizungusha haraka kwenye pembe ya tandiko, ile nguzo fupi iliyo mbele ya tumbo lako, ili farasi abebe uzito. Kidole kikichelewa kutoka kati ya kamba na pembe, ndio basi tena. Nusu ya wazee wa bonde lile hawawezi kuhesabu kumi kwa vidole vyao.

Kilichomnyima usingizi hakikuwa kidole. Kilikuwa nyumba. Nyumba ile ya mbao chini ya mlima ilikuwa ya ranchi, na aliishi humo kwa sababu alifanya kazi ya ranchi. Kazi ikiisha, nyumba inarudi kwa mwenyewe. Yeye na mkewe Nadine walikuwa wamekaa humo miaka ishirini na sita. Nadine alikuwa na miti yake mitatu ya matofaa aliyoipigania na baridi mpaka ikazaa, na mahali pengine pa kwenda hawakuwa napo, isipokuwa kwa dada yake Nadine huko Reno, mwenye paka tisa na ulimi mrefu.

Mwenye ranchi alikuwa Dwayne Kessinger, mtu wa miaka thelathini na tano, mwenye buti safi. Orval ndiye aliyempandisha farasi kwa mara ya kwanza, akamshika kiuno asianguke, na kwa miaka mingi kijana yule alimwita Anko Orval. Baba yake alipofariki akaanza kumwita mzee.

Machi ilipoanza, Dwayne alikuja mpaka barazani, akakataa kukaa.

"Mzee, mimi sina neno. Tatizo ni watu wa bima. Wanasema mtu anayerusha kamba lazima aweze kujikata mwenyewe kamba ikimbana, kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa na hatamu. Wewe utafunguaje kisu?"

"Nitapata njia."

"Basi nionyeshe siku ya kuwapiga ndama chapa, Mei. Ukiweza, kazi yako ipo na nyumba yako ipo. Nakuahidi."

Akamshika bega. Orval akaamini, kwa sababu baba yake Dwayne hakuwahi kumwambia uongo, na alidhani mambo kama hayo hurithiwa pamoja na ng'ombe.

Kisu alichokuwa nacho alipewa na huyo baba, mzee Harlan Kessinger, siku aliyoajiriwa. Kilikuwa cha kukunja, chenye mabapa matatu, na kila bapa lina kijitundu cha kutia ukucha wa kidole gumba ulivute. Siku ile mzee Harlan alinyoosha kiganja akadai senti moja ya shaba. Ndiyo desturi yao: kisu hakitolewi bure, maana kisu cha bure hukata urafiki. Orval akampa senti, na mzee akaipigilia kwa msumari juu ya mlango wa zizi, ikawa kijani na kubaki pale mpaka leo. Sasa kukifungua kisu kile ilibidi Orval atumie mkono wa kushoto na meno.

Jumamosi moja akaenda mjini kwa Twila, mwanamke mwenye duka la chakula cha mifugo na matandiko. Kabati lake la kioo lilikuwa na visu vya kila namna. Orval alipoingia, Twila alisukuma kiboksi fulani chini ya kaunta kwa goti, upesi upesi.

"Nataka kisu cha springi," Orval alisema. "Kile unachokianzisha kidogo tu, kinajimalizia chenyewe."

"Vipo. Chukua hiki cha bei rahisi, kitakutosha."

"Kitanitoshaje, hata hujaniuliza cha nini?"

Twila akapangusa kioo kilichokuwa safi. Kile cha bei rahisi kilikuwa na kinundu ubavuni mwa bapa, cha kusukuma kwa kidole gumba. Orval akamwonyesha kigutu chake, Twila akaona aibu, akatoa cha pili. Hicho kilikuwa na kijino nyuma, kinachochomoza mgongoni mwa mpini. Unakibonyeza kwa kidole cha shahada, springi inadaka, na bapa liko nje kabla hujapepesa jicho. Tak. Orval akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Februari.

"Hicho ndicho wanachochukua wote," Twila alisema. "Nikufungie?"

"Ngoja. Habari ya kufungua kila mtu anaiwaza. Nakifungaje sasa?"

Ili kukifunga ilibidi kukisukuma pembeni kibati kilichomo ndani ya mpini, na kibati hicho husukumwa kwa kidole gumba. Orval alijaribu kwa kidole cha shahada mpaka akajikata. Akawaza kukaa juu ya farasi anayeruka na kisu wazi mkononi, shingo ya mnyama iko pale na paja lake liko pale. Akakirudisha.

Alikaa mle dukani saa mbili. Wateja waliingia wakatoka, wakamtania kwamba hata mke hakumchagua kwa uangalifu hivyo. Alijaribu kumi na saba. Alitaka klipu iliyokaa juu kabisa ili kisu kisizame mfukoni. Alitaka mpini wenye makwaruzo usioteleza ukiwa na damu. Alitaka bapa lenye meno karibu na mpini, kwa sababu kamba ngumu inakatwa kwa meno, wala haikatwi kwa sifa. Mwishoni akakipata, chenye kijino na springi kama kile cha pili. Loki yake ilikuwa kijiti kinachopita katikati ya mpini kutoka upande hadi upande. Unakivuta nyuma kwa kidole cha shahada, unasukuma mgongo wa bapa pajani, kisu kimefungwa, na kidole gumba hakihitajiki popote. Akakifungua na kukifunga mara kumi kwa furaha, na hakuona haya.

"Orval," Twila alisema akiwa ameshika pesa zake. "Una hakika unakihitaji? Ningekuwa wewe ningeziweka hizi."

"Hiki ndicho nyumba yangu, mama."

Twila akahesabu chenji mara mbili, akampa. Dwayne alikuwa mteja wake mkubwa kuliko wote bondeni. Tumwachie hayo yeye na dhamiri yake.

Wiki nane Orval alifanya mazoezi. Alifunga tandiko kuukuu juu ya pipa uani, akakaa juu yake kama mwendawazimu, na Nadine akavuta kamba kwa nguvu zake zote huku akimpigia kelele.

"Umekufa!" alisema. "Tena umekufa! Farasi kashakuburuta mpaka Oregon!"

"Vuta, acha maneno."

"Navuta! Wewe mzito kama deni la serikali!"

Mara mia mbili kwa siku. Alijikata paja mara tatu, na Nadine akashona suruali. Aprili ilipokwisha, mkono ulikuwa unajua kazi bila kuuliza kichwa. Siku moja Nadine alivuta kamba akajikuta amekaa chini kwenye matope na kipande mkononi, na kisu kimesharudi mfukoni. Wakacheka mpaka akashindwa kuinuka. Usiku ule walizungumza habari ya kupanda mti wa nne.

Siku ya kupiga chapa walikuja majirani wote, na wake zao na masufuria. Moto ukawashwa, vyuma vikawa vyekundu, ndama wakalia. Dwayne aliketi juu ya uzio. Orval alipanda farasi wake wa kijivu, akarusha, akanasa. Akanasa tena. Ndama wa tano alikuwa na mama mkorofi. Ng'ombe yule alipita mbio chini ya kamba, akaisukuma, ikamlalia Orval juu ya paja na kumbana kwenye tandiko. Farasi akaanza kuruka. Mtu mmoja akapiga ukelele.

Tak. Kamba ikakatika. Orval akavuta kijiti, akasukuma bapa pajani, akakirudisha kisu mfukoni, akamtuliza farasi kwa mkono wa kushoto ambao haukuwa umeachia hatamu hata kidogo. Kisha akanyoosha mkono wake wa vidole vinne.

"Nipe kamba nyingine," alimwambia Burl.

Burl aliyekuwa na mzaha kwa kila jambo hakuwa na mzaha. "Shikamoo, mzee," alisema taratibu, akampa kamba yake mwenyewe. Kwenye uzio watu walipiga makofi. Nadine alikuwa amejifunika uso kwa aproni. Orval akamtazama Dwayne, naye Dwayne akainua kofia. Hapo Orval alijua kwamba nyumba ni yake. Alijua kama anavyojua jina lake.

Mchana wakala maharage, mikate, na korodani za ndama zilizokaangwa. Walipokuwa bado wanatafuna, Dwayne alisimama juu ya kreti akagonga kikombe.

"Jamani, kuna mtu hapa amenifundisha kila kitu," alisema. "Leo mmeona wenyewe. Mwanaume ni kumaliza kazi yake hivyo, akiwa juu, watu wakimpigia makofi. Anko Orval, umetumika vya kutosha. Pumzika sasa. Kuna mtu anaingia kwenye nyumba tarehe moja Juni na familia yake, kwa hiyo una wiki tatu nzima, bila haraka. Na hatukuachi hivi hivi!"

Alimvika kilemba cha ukoka mbele ya watu sitini, kisha akamkabidhi kiboksi. Ndani mlikuwa na kisu cha mpini wa pembe ya paa, kizuri mno, chenye jina la Orval limechongwa na miaka yake ishirini na sita. Kilikuwa cha aina ile ya zamani, cha kufunguliwa kwa ukucha wa kidole gumba.

Hakuna aliyecheka hapo. Dwayne peke yake ndiye aliyecheka.

"Senti yangu, Anko!" alisema akinyoosha kiganja. "Au unataka urafiki ukatike?"

Orval alikuwa mtu wa adabu, na adabu huenda yenyewe hata moyo ukiwa umekufa. Alitia mkono wa kulia mfukoni akatoa senti. Vidole vinne havina kitu cha kukazia. Senti ikateleza, ikaanguka kwenye mavi ya ng'ombe. Hapo sasa wachache wakacheka, na Dwayne akacheka zaidi.

"Maskini, hata senti imemshinda!"

Orval akainama. Kiboksi kikapinduka katika mkono wake wa kushoto, na chini yake kulikuwa na kikaratasi chenye mwandiko wa Twila, mwandiko alioujua kwa miaka mingi ya kununua misumari na dawa za minyoo. *Kessinger. Kuchonga jina. Imeagizwa Februari 21.*

Siku mbili baada ya ajali. Alikuwa bado amelala hospitalini, mrija mkononi. Ahadi ile ya barazani ilikuja wiki mbili baadaye. Akainua macho akamtafuta Twila, naye Twila alikuwa anafunika sufuria iliyokwisha funikwa.

Orval akasimama wima. Hakuiokota senti.

"Iko hapo chini," alimwambia Dwayne. "Iokote wewe. Una vidole gumba viwili."

Akaweka kile kiboksi juu ya kreti, akampungia Nadine mkono, wakaenda zao kwa miguu. Hakuna aliyewafuata. Dwayne alisema kitu kuhusu wazee na hasira zao, lakini kicheko hakikuja tena, na senti ilibaki mavini.

Wiki tatu zilizofuata walifungasha. Nadine alifunga maboksi kwa kamba, akivuta kwa nguvu zake zote, na Orval alikata ncha zilizozidi. Hakuna aliyepiga kelele kwamba umekufa. Kisu kilifunguka kila mara, kwa mkono mmoja, bila kugoma hata mara moja.