Mvinyo wa Posa

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa napanga makreti kwenye ghala la vinywaji Grand Prairie, Texas, na nilikuwa nimependa. Binti mwenyewe alikuwa muuguzi Houston, Mchagga kama mimi. Baba yake, mzee wa Pearland, alikuwa na sharti moja: pombe ya kumposea binti yake itoke nyumbani kwa watu, siyo dukani. Kijana anayeleta bia za dukani, alisema, hana kwao.

Jamani, mbege, pombe yetu ya ndizi, Texas unaitoa wapi? Nilijaribu. Nilichemsha ndizi za supamaketi, ulezi sikupata, nikatia unga wa mahindi. Ikawa gundi! Jirani akagonga kuuliza kama kuna kitu kimefia ndani. Mshenga wangu, dereva wa malori, alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nikamfukuza, kisha nikamwita arudi, maana mshenga mwingine sikuwa naye.

Wiki hiyohiyo akaja ghalani mama mmoja Mfaransa kutuonjesha mvinyo mwekundu wa kwao. Wenzangu walikuwa wanavizia cha bure. Mimi nilisimama kusikiliza, kwa sababu ladha hakuigusa sana, alikuwa anaongelea ukoo. Babu wa babu yake ndiye aliyepanda mizabibu ile. Ardhi haiuzwi, anarithi anayekubali kukaa, na wazee wao wamezikwa palepale, ukingoni mwa shamba. Niliganda na kreti mkononi. Mungu wangu, si kihamba hicho? Sisi shamba la ukoo ni la migomba, wao la mizabibu, basi. Nilikumbuka kwetu vibaya sana siku ile: umande kwenye majani ya mgomba, moshi wa jikoni, mama akigombana na mbuzi. Nikanunua chupa nikaondoka nazo.

Jumamosi tukaendesha hadi Pearland, mshenga akinung'unika njia nzima kwamba nitamtia aibu. Wanaume walikuwa sebuleni, wanawake jikoni. Mzee alikuwa ametoa kata yake, kile kibuyu cha kunywea alichokuja nacho kutoka nyumbani. Nikaimiminia mvinyo, nikaonja kwanza mbele yao kama inavyotakiwa, nikampa kwa mikono miwili. Hakuipokea.

"Hii ya dukani."

"Ni ya nyumbani kwa watu, mzee. Siyo kwetu, lakini ina kwao." Nikamweleza yote ya yule mama, jasho likinitoka ndani ya suti ya kuazima.

"Na makaburi yao yako shambani?"

"Shambani, mzee."

Akapokea. Akanywa, akakunja uso. "Ala! Mbona kali hivi? Hawa watu hawana ndizi?"

Watu wakaangua kicheko, nami nikadhani yamekwisha. Ndipo akaniuliza, "Na kihamba chenu, anakaa nani?"

Sikutegemea swali hilo. Baba alishafariki, kaka zangu wote wako Dar. "Mama," nikasema. "Peke yake."

Nikajua hapa ndipo ninaponyimwa mke. Mzee alikuwa anatazama dirishani, kwenye yale majani mafupi ambayo kila nyumba ya mtaa ule huyakata kwa mashine.

"Changu hakina mtu kabisa," akasema. "Mlango niliufunga mwenyewe." Akanywa tena, safari hii bila kukunja uso. "Binti utampata. Ila nikifa, msiniache huku. Mnirudishe migombani. Huku nani ananijua?"

"Ndiyo, baba," nikajibu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Mshenga akapiga makofi, jikoni vigelegele vikapasuka, mtu akaanza kuimba. Mzee alikuwa bado amenishika mkono, hataki kuniachia, macho yamejaa machozi.

"Sema tena," akaninong'oneza. "Sema kwamba mtanirudisha."