Simu Aliyompigia Mdogo Wake

Ofisini walimwita Bi Hesabu, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kukadiria ugonjwa utafika wapi na lini. Alichukua idadi ya wagonjwa wa nchi jirani, malori na mabasi yanayovuka mpaka, akaviingiza kwenye kompyuta, na ramani ikaanza kuwa nyekundu.

Homa ilipolipuka ng'ambo, hesabu zilionyesha mji wa mpakani ungeshikwa kwanza. Alikwenda mbio kwa mkurugenzi.

"Tukitangaza, watu watachanganyikiwa," mkurugenzi alisema bila kuinua macho. "Subiri wagonjwa wapatikane."

"Wakipatikana tutakuwa tumechelewa, bosi."

"Nimesema subiri. Na neno lisitoke humu."

Katika mji huo aliishi mdogo wake, fundi cherehani asiyeweza kukaa na habari tumboni. Bi Hesabu alishinda akiitazama ramani. Jioni uzalendo ukamshinda, akampigia.

"Jifungie ndani. Usiende sokoni, usipokee mteja. Na usimwambie mtu."

"Unanitisha, dada."

"Bora nikutishe."

Yeye alisema jifungie. Mwenzake alisikia kimbia. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa na habari, na stendi haikuwa na pa kukanyaga. Mdogo mtu naye alipanda basi na kikohozi alichosema ni cha vumbi la vitambaa, akateremkia kwa mama yao, mbali kabisa na mpaka, mahali ambapo homa haikutazamiwa kufika kwa muda mrefu.

Mama aliugua, hakumaliza wiki. Mdogo mtu alipona.

Mazishini walisimamishwa mbalimbali, barakoa usoni. Mdogo wake alisema, wote wakisikia, "Ungenyamaza, dada, mama angekuwepo."

Bi Hesabu alizipitia tena hesabu zake kichwani. Humo watu walisafiri kwa biashara tu. Wanaokimbia kwa hofu hakuwahi kuwaweka.

Aliporudi kazini alimkuta mkurugenzi akiwaeleza waandishi wa habari jinsi uvumi wa mitaani ulivyovuruga mipango mizuri. Walipoondoka, akamshika mkono.

"Pole sana na msiba. Ukiwa tayari, tunahitaji makadirio mapya. Yale ya mwanzo hayakufaa."

Akaketi, akawaingiza wanaokimbia. Safari hii ramani ilifuata njia ambayo homa ilikuwa imepita bila kukosea hata mji mmoja, na wenzake wakampigia makofi.