Siku Alipooshwa Bi Mize

Nakumbuka Jumamosi moja kwetu Pemba, wakati wa Mngereza, na waliokuwapo nawataja: bibi yangu Time binti Khamis, aliyemzaa baba yangu, naye ndiye mwosha maiti wetu, mama yangu Raya, Maalimu Faki, imamu, na mkewe Bi Mize, ambaye alikuwa keshakufa tangu alfajiri. Na mimi, Mwanaidi, nachota maji.

Mwanangu, jua lilipanda, na hajaja mtu. Sababu naijua. Wiki chache nyuma Maalimu alisimama kwenye mimbari akasoma amri ya Serikali: wanaume wakavunje mawe ya barabara bila ujira, na asiyekwenda kamuasi Mungu. Uimamu alipewa na Serikali, akaogopa kuukosa. Baba yangu, Makame, akasema mbele ya watu, "Mungu hakusema hivyo." Kesho yake wakamtia jela.

Basi wanawake wakaapa hawamgusi maiti wa nyumba ile. "Si wana Mzungu wao? Na aje amwoshe!"

Mama akamzuia bibi mlangoni. "Mama, mumewe kamfunga mwanao!"

"Mumewe kamfunga. Mize kafanya nini? Nipishe."

Maalimu alipomwona alilia, akataka kumshika mikono. Bibi akaivuta.

"Faki, nimekuja kwa mkeo. Wewe sijakusamehe. Umempa mtawala mimbari, na sasa watu wanakimbia hata maiti."

Akamwosha peke yake, akamvika sanda. Jeneza lilibebwa na wanaume wanne, wa kuwapokea hakuna. Baba naye alirudi anakohoa damu, hakumaliza mwaka. Maalimu hakuthubutu kuja kumzika.

Nayaandika haya hapa London kwa sababu juzi, kule Hounslow, kafa Bi Zuhura, na nyinyi mkashinda kwenye simu mkiulizana mwanawe ni wa chama gani. Kwenye chumba cha kuoshea nilikuta wanawake wawili tu, wote wazee kama mimi.

Mwanangu, mtawala yeyote, wa kigeni au wa kwenu, akitaka kusema kwa jina la Mungu, mkatalie mbele ya watu, hata kama utaumia. Lakini nyumba yake, au ya aliyempa mimbari, ikifiwa, nenda. Mungu akupe moyo wa kuyaweza yote mawili, na siku yako ikifika akupe watu wa kukuosha kwa huruma. Na kama kuna jina nimelikosea, au jambo nimelipindua, nawaomba mnaojua mnisahihishe ningali hai.